Nahema hoi, kipimo kinasema oksijeni 97%: uzi wa safari ya oksijeni mwilini wakati wa mazoezi

#1 NgaziTisa

Wakuu, habari zenu.

Wiki iliyopita nilipanda ngazi za ghorofa tisa mbiombio bila kusimama, mfukoni nikiwa na kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Nilikibeba makusudi, nilitaka kuona kwa macho yangu oksijeni inavyoshuka. Nilipofika juu nikaegemea ukuta, kifua kinapanda na kushuka, koo limekauka, miguu inatetemeka, neno moja halitoki. Nikabana kidole. Kikatafuta kidogo, halafu namba zikatokea: oksijeni 97, mapigo ya moyo 171.

Nikajua kimekosea. Nikafuta jasho, nikahamia kidole kingine, nikalaza mkono juu ya reli ya ngazi usitikisike. 97 tena. Asubuhi yake nikiwa nimekaa kwenye kiti kilionyesha 98. Kati ya mtu aliyetulia na mtu anayetapia hewa, tofauti ilikuwa asilimia moja.

Jambo hili limenigusa kwa sababu maisha yangu yote nimeamini kwamba nikiishiwa pumzi, basi mapafu yangu hayaingizi oksijeni ya kutosha. Nimeacha kukimbia mara mbili kwa imani hiyo, nikijiambia nimezaliwa na mapafu madogo. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachopata, na ninaamini wengi wanaacha mazoezi kwa sababu hiyohiyo isiyo ya kweli. Nitaandika kwa vipande, anayejua zaidi anisahihishe.

#2 Mtembezi_wa_Jioni

Shusha vitu mkuu, nimekaa mkao wa kula. Mimi pia nilikuwa nalaumu mapafu.

#3 NgaziTisa

Tuanze na mapafu yenyewe.

Ukiwa umetulia unavuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Ukikimbia kwa nguvu zako zote unaweza kufika lita 100 au 150, na wanamichezo wakubwa hupita hapo. Upumuaji unaongezeka mara 15 na zaidi. Moyo wa mtu wa kawaida nao unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika akiwa ametulia, na akifika kikomo chake ni lita 20 hivi, yaani mara 4. Zitazame hizo namba mbili kwa pamoja, utaona nani ana akiba na nani anabanwa.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vya hewa mamia ya mamilioni. Ukivitandaza vyote, eneo lake linakaribia mita 70 za mraba. Ukuta unaotenganisha hewa na damu pale ni mwembamba kiasi kwamba seli nyekundu ya damu hujaa oksijeni ndani ya robo sekunde hivi. Mtu akiwa ametulia, seli hiyo hukaa pale robo tatu ya sekunde, mara tatu ya muda inaouhitaji. Kwa hiyo hata moyo ukienda mbio na damu ikapita haraka, bado inatoka mapafuni imejaa. Ndiyo ile 97 yangu.

Halafu kuna hili: hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21, na tunayotoa bado ina 16 au 17. Hata aliyechoka hoi anarudisha nje sehemu kubwa ya oksijeni aliyoivuta.

Basi kwa nini tunahema namna ile? Kwanza, ubongo unapoamuru miguu ikimbie, hapohapo unakiamsha kituo cha upumuaji, ndiyo maana pumzi hubadilika mara tu unapoanza, kabla damu haijabadilika chochote. Pili, neva za misulini hupeleka taarifa kwamba kazi imeanza. Tatu, misuli inatoa kabonidioksaidi nyingi, na kazi ikiwa nzito inatoa na asidi, na mwili haupendi hata kidogo damu iwe na asidi. Njia ya haraka ya kuipunguza ni kuitoa kabonidioksaidi nje kwa kupumua. Kwa hiyo kule kutweta kwa sehemu kubwa ni kazi ya kutoa. Mtu aliyebana pumzi chini ya maji anasukumwa kuibuka na kabonidioksaidi iliyojaa, oksijeni ikiwa bado ipo.

#4 KochaMstaafu

Kijana, nimefundisha riadha miaka mingi na nimeona watoto wanakuja hawawezi kuzunguka uwanja mara mbili, baada ya miezi mitatu wanakimbia nusu saa. Tulikuwa tunasema mapafu yamepanuka. Unataka kusema tulikuwa tunakosea?

#5 NgaziTisa

Shikamoo mzee. Hakukuwa na kosa kwenye matokeo, watoto walikuwa wanaimarika kweli, na ni mazoezi yako yaliyowaimarisha. Kilichobadilika ndicho kinachohitaji jina lingine. Mapafu ya mtu mzima hayapanuki kwa kiasi cha kuhesabika kwa sababu ya kukimbia. Misuli ya kupumulia inaweza kukomaa na kuchoka taratibu zaidi. Mabadiliko makubwa yako kwenye moyo, kwenye damu na kwenye misuli ya miguu. Naomba nifike huko.

#6 KochaMstaafu

Marahaba. Endelea, nasoma.

#7 NgaziTisa

Damu. Oksijeni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kama tungetegemea ile iliyoyeyuka peke yake, lita moja ya damu ingebeba mililita 3 tu. Kinachotuokoa ni hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayoipa damu wekundu wake. Kila molekuli ya hemoglobini inashika molekuli nne za oksijeni. Mtu mwenye gramu 15 za hemoglobini katika kila mililita 100 za damu anabeba karibu mililita 200 za oksijeni kwa lita.

Tupige hesabu kidogo, ndiyo iliyonifungua macho. Umetulia: lita 5 kwa dakika, kila lita na mililita 200, jumla mililita 1,000 zinazunguka mwilini kila dakika. Mwili unatumia 250 tu. Robo tatu inarudi kwenye moyo bila kuguswa.

Umekazana: moyo unasukuma lita 20, na misuli sasa inanyonya mililita 150 kutoka kila lita. 20 mara 150 ni mililita 3,000 kwa dakika. Kutoka 250 hadi 3,000, mara 12, kwa njia mbili tu: damu nyingi zaidi na kunyonya zaidi. Kanuni hii, kwamba oksijeni inayotumika ni mtiririko wa damu mara tofauti ya oksijeni kati ya damu inayokwenda na inayorudi, ilielezwa na daktari Mjerumani Adolf Fick mwaka 1870, na mpaka leo ndiyo msingi wa somo zima.

Ukigawanya hizo 3,000 kwa kilo 70 unapata mililita 43 kwa kila kilo kwa dakika, kiwango cha kijana wa kawaida mwenye afya. Wakimbiaji wa masafa marefu wa ngazi ya juu hufika 70 hadi 85. Na hapa mzee Kocha ndipo jibu lako lilipo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hayaongezeki kwa mazoezi, mwanariadha na mimi tunaweza kuwa na kikomo kilekile cha 190. Lakini kwa pigo moja moyo wangu unatoa kama mililita 105, wake unaweza kutoa 180 au zaidi. Kwa dakika mimi lita 20, yeye lita 34. Moyo wake umepanuka, kuta zake zinalegea vizuri kupokea damu, na damu yenyewe ni nyingi zaidi mwilini. Maji ya damu, ile plazma, huanza kuongezeka ndani ya siku chache tu za mazoezi.

#8 NesiWaUsiku

NgaziTisa, nakushukuru kwa uzi huu, lakini kuna jambo lazima niliseme mapema kabla watu hawajaanza kuamini hicho kibanio kupita kiasi.

Ile 97 ni asilimia. Haikuambii una oksijeni kiasi gani, inakuambia viti vingapi kati ya vilivyopo vimekaliwa. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu, hemoglobini 7 badala ya 14, anaweza kuonyesha 98 safi kabisa. Viti vyote vimekaliwa, ila viti vyenyewe ni nusu. Huyo akipanda ngazi mbili anahema, moyo unamwenda mbio kwa sababu kila lita ya damu inabeba nusu ya mzigo na moyo lazima ufidie. Nimekutana na wanawake vijana waliohangaika miezi wakiambiwa hawana mazoezi, na shida yao ilikuwa madini ya chuma yaliyokwisha mwilini, hedhi nzito ikiwa sababu mojawapo. Kupima wingi wa damu ni kazi ya dakika chache.

Na moshi wa kuungua, iwe wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa au wa sigara, una gesi ya kaboni monoksaidi. Hii inang'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kibanio cha kawaida hakiwezi kutofautisha. Kinaihesabu kama oksijeni. Mtu anaweza kuwa katika hatari kubwa huku namba ikiwa nzuri.

#9 NgaziTisa

Dada, ahsante sana. Hilo la viti nililisoma juujuu tu, sikulielewa namna hiyo.

#10 Zuwena_K

Naomba kuuliza. Mbona dakika mbili tatu za mwanzo ndizo zinanitesa kuliko zote? Nikizivuka nakaa sawa, naweza kwenda nusu saa. Rafiki yangu anaiita pumzi ya pili.

#11 NgaziTisa

Zuwena, umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndilo lililoniangusha mimi.

Mara ya kwanza kukimbia kilomita 5 niliondoka kama mshale. Dakika ya nne nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara, kichwa katikati ya magoti, nikiwa na uhakika kwamba mwili wangu haukuumbwa kwa jambo hili. Nilirudi nyumbani na sikuvaa viatu vya mbio tena kwa miaka.

Kilichotokea ni hiki. Misuli inataka nguvu sekunde ileile unapoanza. Lakini moyo, mishipa na vinu vya ndani ya seli, yaani mitokondria, vinachukua muda kufikia kasi inayotakiwa. Kwa mwendo wa wastani, matumizi ya oksijeni hutulia mahali pake baada ya dakika 2 au 3. Hapo katikati kuna pengo, na pengo linajazwa kwa akiba. Nishati iliyo tayari kwenye msuli inatosha sekunde chache. Kuna akiba ya fosfokreatini, kemikali ya msulini inayorudisha nishati hiyo haraka, inasaidia sekunde 10 hivi ukienda kwa nguvu zote. Baada ya hapo msuli unavunja sukari ya glukosi bila kusubiri oksijeni, njia ya haraka lakini hafifu: glukosi moja inatoa molekuli 2 za ATP, ile inayobeba nishati ndani ya seli, wakati ikiunguzwa na oksijeni hadi mwisho inatoa karibu 30.

Ukianza kwa kasi kubwa, pengo linakuwa kubwa, asidi inapanda, na unahema kuitoa kabonidioksaidi. Ukianza polepole, pengo ni dogo na mfumo wa oksijeni unakukuta njiani. Hiyo "pumzi ya pili" kwa sehemu kubwa ni mfumo wa oksijeni uliokwisha kufika. Ndiyo maana kupasha mwili moto kuna faida ya kweli: mishipa ya misulini inafunguka, joto linapanda, na kazi halisi ikianza pengo linakuwa dogo. Ningejua haya siku ile, ningekimbia mwendo wa kuweza kuongea dakika kumi za kwanza.

Na lile pengo ni deni, lazima lilipwe. Ukisimama, unaendelea kuhema dakika kadhaa ingawa miguu haifanyi kitu. A. V. Hill, Mwingereza aliyeshirikiana na Otto Meyerhof Nobeli ya mwaka 1922, aliliita deni la oksijeni. Yeye alidhani karibu lote ni la kuondoa asidi ya laktiki. Baadaye ikaonekana kuna mengi: kujaza tena fosfokreatini, kurudisha oksijeni kwenye damu na misuli, joto la mwili lililopanda, na moyo wenyewe ambao bado unakwenda mbio.

#12 Mtembezi_wa_Jioni

Kwa hiyo yale maumivu ya kesho yake si asidi ya laktiki iliyoganda?

#13 NgaziTisa

Hapana mkuu. Lakteti, yaani hiyo asidi ya laktiki ilivyo kwenye damu, hurudi karibu na kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, na si uchafu. Moyo wenyewe unaitumia kama mafuta, na misuli mingine pia. Maumivu yanayokuja siku moja hadi tatu baadaye yanatokana na michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli, hasa ukifanya kazi usiyoizoea au ukishuka mlima.

#14 Zuwena_K

Nimeelewa la dakika za mwanzo. Lakini damu inajuaje impe nani oksijeni? Mwili una sehemu nyingi.

#15 NgaziTisa

Hapa ndipo mimi hubaki nashangaa kila nikisoma.

Ukiwa umetulia, misuli inapata kama moja ya tano ya damu yote. Ukikazana, inapata asilimia 80 na zaidi. Mishipa ya tumbo na figo inabanwa, ya misuli inayofanya kazi inafunguka. Na inafunguka kwa amri ya msuli wenyewe: takataka za kazi yake, joto, asidi, kupungua kwa oksijeni, vyote vinaambia mshipa mdogo wa jirani ulegee. Paja la kulia likifanya kazi peke yake, ni hilo linalopewa. August Krogh wa Denmaki alipata Nobeli mwaka 1920 kwa kazi yake juu ya namna kapilari, ile mishipa ya damu midogo kuliko yote, zinavyorekebisha damu kwenye misuli.

Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu hupita mojamoja, tena zikijikunja. Na hapo zinapobanana na msuli ndipo hemoglobini inapolegeza mkono. Mahali penye joto, asidi na kabonidioksaidi nyingi, inashindwa kuishika oksijeni kwa nguvu, inaiachia. Christian Bohr, mwalimu wa huyo Krogh, alilieleza hilo la kabonidioksaidi na wenzake mwaka 1904. Fikiri vizuri: msuli unaofanya kazi kuliko mwingine ndio wenye joto na asidi zaidi, kwa hiyo ndio unaoachiwa oksijeni zaidi. Hauhitaji kuomba.

Ndani ya msuli oksijeni inapokewa na mayoglobini, ndugu wa hemoglobini, inasogezwa hadi mitokondria, na safari inaishia hapo: oksijeni inapokea elektroni zilizotoka kwenye chakula na kuwa maji. Mazoezi ya miezi huongeza kapilari na mitokondria pia. Kwa hiyo aliyezoea ananyonya zaidi kutoka damu ileile.

#16 NesiWaUsiku

Niongeze moja kuhusu moyo. Msuli wa moyo wenyewe, hata ukiwa umetulia, unanyonya kama asilimia 70 ya oksijeni iliyo kwenye damu yake. Hauna akiba ya kunyonya zaidi, unategemea kuongezewa damu tu. Ndiyo maana mtu ambaye mishipa ya moyo wake imesinyaa anaweza asihisi kitu akiwa amekaa, akipanda ngazi kifua kikabana. Kuhema kwa kawaida hutulia ukipumzika. Kubanwa kifua, maumivu yanayokwenda taya au mkono, kizunguzungu, hayo si ya kuvumilia wala ya kuuliza humu ndani. Ni ya hospitali, siku hiyohiyo.

#17 Mita1500

Uzi mzuri sana, ila naomba nisahihishe. Umesema damu inatoka mapafuni imejaa hata moyo ukienda mbio. Kwa wengi ni kweli. Lakini kwa baadhi ya wanariadha wa kiwango cha juu kabisa, moyo unasukuma damu nyingi na haraka kiasi kwamba seli hazipati muda wa kujaa, na oksijeni inashuka chini ya 92 wakiwa usawa wa bahari. Kwao mapafu ndiyo yanayobana, kwa sababu moyo umekua na mapafu yamebaki vilevile.

Na ukipanda milimani habari inabadilika kwa wote. Asilimia ni ileile 21, lakini mgandamizo wa hewa umepungua, kwa hiyo oksijeni haisukumwi kuingia kwenye damu kwa nguvu ileile. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240 juu ya bahari. Mbio ndefu zilikuwa za muda mbovu, huku Mmarekani Bob Beamon akivunja rekodi ya dunia ya kuruka chini kwa mita 8.90, maana kuruka hakungoji oksijeni na hewa nyepesi haimzuii mtu. Ukikaa huko wiki kadhaa, figo zinatoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze seli nyekundu zaidi.

#18 NgaziTisa

Nimekubali mkuu, nimejifunza. Kwa hiyo niseme: kwa sisi wa kawaida, usawa wa chini, bila ugonjwa wa mapafu.

#19 Mtembezi_wa_Jioni

Na zile chupa za oksijeni wanazovuta wachezaji pembeni mwa uwanja?

#20 Mita1500

Kama damu tayari iko 97, unaongeza nini? Karibu hakuna. Wanapona kwa sababu wamekaa.

#21 KochaMstaafu

Nimesoma yote. Kijana, nimekubali kwamba ni moyo. Sasa waeleze na hasara ya kukaa bure, maana hilo niliona kwa macho: mtoto akiumia goti akakaa mwezi, anarudi mtu mwingine.

#22 NgaziTisa

Mzee, kuna utafiti unaosema hilohilo. Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya wa miaka 20 walilazwa kitandani wiki tatu. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka zaidi ya robo. Baada ya miaka 30 waliwapima walewale watano. Wiki tatu za kitanda ziliwapunguzia uwezo wa kazi kuliko miaka 30 ya umri. Na walipofanyishwa mazoezi baada ya kitanda, waliurudisha.

#23 Zuwena_K

Nifanye nini basi, kwa maneno ya kawaida?

#24 KochaMstaafu

Hili niachieni mimi. Siku nyingi za wiki, mwendo wa kuongea bila kukatika. Mara moja au mbili kwa wiki, ukishazoea, dakika 4 za nguvu ambazo huwezi kuongea zaidi ya maneno mawili matatu, kisha dakika 3 za mwendo laini, rudia mara nne. Hizo dakika 4 moyo unajaa na kumwaga kwa kiwango chake cha juu, huko ndiko unakokua. Mwenye ugonjwa wowote aanze na daktari.

#25 NgaziTisa

Wakuu, narudi na mrejesho. Ni wiki ya tisa nafuata alichoandika mzee Kocha hapo juu. Leo asubuhi nimerudi kwenye ngazi zilezile, nikaangalia saa nisiende taratibu kuliko mara ya kwanza. Ghorofa tisa kwa muda uleule. Juu nikaegemea ukuta uleule, nikabana kidole kilekile.

Oksijeni 97. Mapigo 156. Na nilipokuwa nasoma namba, jirani alifungua mlango akanisalimia, nikamjibu.